Wanasema nzuri, mbona hawaitumii?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mtengeneza programu wa kujitegemea, naishi Morogoro. Nimetumia miezi saba kutengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho na faini. Nimevipa vikundi vinne bure. Kila nikiwauliza wanasema ni nzuri sana, lakini nikitazama kwenye mfumo naona waliingiza hesabu za wiki mbili za kwanza, kisha kimya. Nimesoma kwamba makampuni makubwa yana vyumba maalumu vya kuwatazama watumiaji. Mimi nimebakiwa na laki moja na nusu. Je, naweza kuijaribisha programu yangu kwa watu halisi kwa pesa hiyo? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Pesa hiyo inatosha, na chenji itabaki. Kilichokunyima jibu mpaka sasa ni lile swali unalowauliza, wala si kukosa chumba cha vioo. Umekwenda kwa watu wazima, umewapa kitu bure, umewatazama usoni, kisha ukawauliza kama ni kizuri. Mama aliyelelewa akalelewa ulitaka akujibu nini? Atasema nzuri, na atakuombea Mungu akuzidishie.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Bangalore, India. Waliwaonyesha watu vitu viwili, na kuwadokeza kwamba kimoja kimetengenezwa na huyo anayewahoji. Hata pale vitu hivyo vilipokuwa sawa kabisa, watu walielekea kukichagua cha mhoji mara 2.5 zaidi. Mhoji alipokuwa mgeni kutoka nje, anayehitaji mkalimani, ikafika mara 5. Kwa hiyo neno "nzuri" uliloletewa na vikundi vinne lina habari za adabu zao. Habari za programu yako hazimo.

Tangu leo acha kuuliza maoni. Mpe mtu kazi, nyamaza, tazama mikono yake. Mengine yote nitakayokueleza ni namna ya kulifanya hilo vizuri.

Kwanza idadi, maana najua utaniuliza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu kutoka Denmark, alianza mwaka 1989 kuhubiri upimaji wa bei nafuu, wakati ambapo wengi waliamini huwezi kupima bila maabara na watu kibao. Mwaka 1993, yeye na Thomas Landauer walikokotoa kwamba katika miradi waliyoichambua, mtu mmoja aliibua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro zilizokuwemo. Wa pili anarudia baadhi ya alizogundua wa kwanza na kuongeza zake, wa tatu hivyohivyo. Ukiendelea na hesabu hiyo, watu 3 wanakufikisha kama theluthi mbili ya kasoro, na watu 5 asilimia 85 hivi. Usizichukue namba hizi kama andiko. Mwaka 2003 Laura Faulkner alichukua matokeo ya watu 60, akawa anachomoa watano watano bila mpangilio: watano wengine waliibua karibu kasoro zote, wengine asilimia 55 tu. Ndiyo maana sikushauri ukusanye watu 15 kwa siku moja. Chukua 3, rekebisha, chukua 3 wengine, rekebisha tena. Kasoro kubwa mara nyingi huziba njia, na nyingine zimejificha nyuma yake. Usipoiondoa ile ya mbele, hao 12 waliobaki watajikwaa palepale.

Sasa watu wenyewe. Waache kwanza wale wa vikundi vinne, wanakujua na wanakuonea huruma. Nenda kikundi cha tano, cha mtaa mwingine. Usimchukue kijana wa chuo kwa sababu anapatikana kirahisi. Hesabu za kikoba haziandikwi na yeye. Unamtaka mweka hazina, katibu, na mmoja ambaye anaweza kuchaguliwa mwakani. Ikiwezekana rafiki yako ndiye akae na mtumiaji, wewe ukae nyuma kidogo na daftari, na asiwepo mtu wa kutangaza kwamba "huyu ndiye aliyeitengeneza". Mwenyekiti umsalimie kwa heshima, umwombe ruhusa, kisha umwombe asikae mezani. Mweka hazina anayetazamwa na mwenyekiti wake hatakwama waziwazi. Ataibonyeza simu kwa kubahatisha ili asiaibike.

Shukrani yao wape mwanzoni, kabla hajaishika simu. Ukiiweka mwisho, mtu anahisi anailipia kwa kukusifu. Halafu mwambie, na umaanishe: "Mama, hapa hakuna mtihani wako. Tunaipima programu hii. Kila utakapokwama umetusaidia, maana ndipo tunapotakiwa kutengeneza."

Kazi unazompa zitoke kwenye maisha ya kikundi, na zisitaje neno hata moja lililoandikwa kwenye vitufe vyako. Ukimwambia "weka marejesho ya mwanachama" na kwenye kioo kuna kitufe kimeandikwa "Marejesho", umempima macho tu. Sema hivi: "Mwanachama namba 14 amekuja na elfu thelathini. Elfu kumi ni hisa mbili, elfu ishirini anapunguza deni. Iandike." Kazi nne au tano za namna hii zinatosha kwa mtu mmoja, kwa nusu saa. Na majina na namba ziwe za kubuni. Akiba ya mtu ni siri yake. Usimpelekee mtu wa kikundi kingine deni halisi la jirani.

Nikueleze nilichokiona siku moja, maana kinafundisha kuliko nadharia. Nilikuwa nawasaidia vijana fulani kupima programu inayofanana na yako. Tulikaa chini ya mwembe, kwenye benchi la mbao, na mweka hazina wa makamo, hina mbichi kwenye kucha, miwani ameishusha hadi ncha ya pua. Nikampa kazi hiyohiyo ya elfu thelathini. Hisa aliziandika bila shida. Akaanza kutafuta pa kuandikia deni. Kidole kikawa kinatembea juu ya kioo bila kukigusa, na yeye anasema taratibu, "Marejesho... marejesho... rejesha. Hii hapa." Akabonyeza.

Kitufe kile cha "Rejesha" kiliwekwa na wale vijana kwa maana ya kurudisha nyuma, yaani kufuta kitendo cha mwisho. Hisa mbili alizokuwa ameziandika zikapotea. Chini ya kioo pakatokea kwa sekunde mbili neno "Imefanikiwa". Mama akatabasamu, akaisogeza simu mbele yangu: "Tayari." Kijana aliyeiandika programu alikuwa nyuma yangu, nilimsikia anavuta pumzi ili aseme. Nikamgusa goti anyamaze.

Nilimuuliza tu, "Mama, mwanachama namba 14 sasa ana nini?" Akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ana hisa mbili na deni limepungua. Daftari la ndani ya programu lilikuwa halina hisa wala marejesho. Wale vijana walikuwa wamewauliza watu wengi kama programu inaeleweka, na wote walisema inaeleweka. Hakuna aliyedanganya. Hata huyu mama, ukimuuliza siku ile, angekwambia imeeleweka, kwa sababu yeye alijua amefanya kazi aliyopewa. Jioni ileile waliondoa neno lile wakaandika "Futa nilichoandika sasa hivi", na upande wa deni wakaweka "Pokea marejesho". Waliofuata hawakukwama tena hapo.

Utakutana na mengine ya jamii hiyo, na mengi yatatokana na Kiswahili cha kwenye simu kutofanana na cha mezani. "Ghairi" na "Wasilisha" ni maneno safi, lakini muulize mtu anayeuza mchicha atakavyolisema jambo lilelile, utasikia "acha" na "tuma". "Toa" ni hatari zaidi: kutoa mkopo, kutoa pesa kwenye sanduku, au kutoa kwa maana ya hesabu? Tazama pia namba. Mtu anayesema "naleta kumi" akimaanisha elfu kumi, akifika kwenye kisanduku cha kiasi anaweza kuandika 10, na programu ikapokea shilingi kumi bila kushtuka. Na saa! Ukimwomba apange ukumbusho wa mkutano wa saa nane mchana, angalia kama hataandika 8:00. Haya huwezi kuyaona ukiwa peke yako na kompyuta, kwa sababu wewe umeshazoea kuibadili akili ukikaa mbele ya kioo.

Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Atakugeukia akuulize, "Nibonyeze wapi, mwanangu?" Usimwonyeshe. Mwambie, "Ungekuwa peke yako nyumbani ungefanyaje?" Kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akitaabika kweli, zaidi ya dakika mbili tatu, msaidie na uandike kwamba ulimsaidia. Hatukwenda kumtesa mtu.

Wataalamu wanapenda mtumiaji aseme kwa sauti anachokiwaza huku akitumia programu. Clayton Lewis wa IBM ndiye aliyeuleta utaratibu huo katika upimaji wa programu, mwaka 1982. Kwa uzoefu wangu, vijana wanaweza. Kwa mtu mzima mbele ya mgeni huwa ni kama kuzungumza peke yako barabarani, anasema sentensi mbili ananyamaza. Kinachofanya kazi kwetu ni kuwaketisha wawili wanaojuana kwenye simu moja, au kumwambia yule aliyemaliza kazi ya kwanza, "Sasa mfundishe mwenzako." Hapo masikio yako yafunguke. Utasikia anavyoziita sehemu za programu yako kwa maneno yake, na maneno hayo ndiyo yanayopaswa kuandikwa kwenye vitufe.

Simu itumike ya kwake, au inayofanana na yake: kioo kimepasuka pembeni, maandishi yamekuzwa, chaji asilimia 20. Maandishi yakikuzwa, kitufe chako cha chini kinaweza kutoroka kabisa kwenye kioo. Kumbukumbu chukua kwa kalamu. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zinaweza pia kurekodi kioo zenyewe na kuonyesha alama kidole kinapogusa, bila kununua kitu. Omba ruhusa kwa maneno ya wazi kabla ya kurekodi, na sauti ya mtu usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyekukaribisha hapaswi kujikuta akichekwa na watu asiowajua. Kwa mtumiaji aliye mbali, tuseme Ifakara, simu ya video ya WhatsApp inamwezesha kukuonyesha kioo chake. Inafaa raundi za baadaye. Raundi ya kwanza nenda mwenyewe.

Hesabu ya pesa ni hii. Watu 3, elfu kumi kila mmoja ya nauli na shukrani: 30,000. Soda, maji na maandazi: 6,000. Daftari, kalamu na bando: 4,000. Raundi moja 40,000, raundi tatu 120,000. Umebakiwa na 30,000.

Kabla ya kutumia hata senti ya hizo, kuna jambo moja la bure ambalo nadhani ndilo litakalokujibu swali lako halisi. Wewe hukusema watu wanakwama. Ulisema wameacha. Hayo ni maradhi mawili tofauti. Mtu aliyekwama hakuiweza programu. Aliyeacha huenda aliiweza vizuri akaona haimfai. Omba ruhusa ukae kwenye mkutano mmoja wa kikundi, mwanzo hadi mwisho, simu mfukoni, bila kumwonyesha mtu chochote.

Fikiria unachokwenda kukiona. Mtindo huu wa vikundi, ulioanza Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ulijengwa ili kila mtu aone. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Namba inaitwa, mtu anasimama, pesa inahesabiwa mbele ya watu, kitabu chake kinagongwa muhuri, jumla inatajwa kwa sauti. Hata asiyejua kusoma anaondoka anajua sandukuni kuna kiasi gani. Sasa wewe umekuja ukaitoa hesabu mezani ukaiweka kwenye simu ya mtu mmoja, inayolala chini ya mto wa mtu mmoja. Huenda programu yako haina kosa hata moja la vitufe, na bado mwanachama wa nyuma kabisa ananong'ona, "Tulivyokuwa na daftari nilikuwa naona." Sisemi ndivyo ilivyo kwako, nasema hilo halipimwi kwa kazi tano mezani, linaonekana mkutanoni. Kama ndilo, dawa inaweza kuwa ndogo: ukurasa wa jumla wa kusomwa kwa sauti kabla ya kufunga kikao, au ujumbe mfupi unaomfikia kila mwanachama, hata mwenye simu ya kitochi, kumwambia hisa zake na deni lake baada ya mkutano.

Na huo ujumbe mfupi usianze kuuandikia msimbo. Ujaribu kwa mkono. Wiki tatu mfululizo, baada ya mkutano, kaa na orodha uliyoruhusiwa na kikundi, uwatumie wanachama kumi ujumbe kutoka simu yako kana kwamba mfumo ndio unaotuma. Wewe ndiye mtambo. Uone nani anapiga kubisha hesabu, nani anamwonyesha mumewe, nani anakuja mkutano unaofuata ameushika mkononi. Vivyo hivyo ukurasa mpya: uchore kwa kalamu kwenye karatasi yenye ukubwa wa simu, mtumiaji aguse karatasi kwa kidole, wewe umbadilishie nyingine kulingana na alichogusa. Unadhani watu watakucheka, hawacheki. Karatasi inawapa ujasiri wa kusema "hapa pabaya", kwa sababu wanaona hujapoteza miezi saba kuichora.

M-Pesa yenyewe ilipitia hapo. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa mamia ya wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, na lengo lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Walipowatazama watu wakiitumia, wakakuta wanafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango, likiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wangekuwa wamewauliza tu kama huduma ni nzuri, nadhani wangejibiwa ni nzuri, na mikopo ingebaki kuwa ndiyo hadithi.

Raundi ikiisha, kaa na rafiki yako siku hiyohiyo, kabla hamjalala, mpange mliyoyaona. Usihesabu asilimia: watu 2 kati ya 3 si "asilimia 67 ya watumiaji". Panga kwa madhara. La kwanza kurekebisha ni kosa la kimya, lile linaloharibu hesabu ya pesa huku mtu akiamini amemaliza vizuri, kama la yule mama. Hilo hata akikosea mmoja tu, lirekebishe. La pili ni linalomzuia mtu kumaliza. Yale ya kumchelewesha yasubiri, na rangi na picha ziwe za mwisho kabisa. Rekebisha kwa kitu kidogo kuliko vyote kinachoweza kuliondoa tatizo. Mara nyingi ni neno. Ukijikuta unataka kuongeza video ya mafunzo, simama, maana unakaribia kumpa mtumiaji kazi ya kuziba pengo lako.

Utakutana pia na madodoso, likiwemo la sentensi 10 alilolibuni John Brooke mwaka 1986 la kupima urahisi wa kutumia. Ni zuri kwa aliye na watu wengi na anayelinganisha toleo na toleo. Kwako sasa hivi liache. Litakurudishia "nzuri" ileile, safari hii ikiwa na namba.

Anza na mkutano wa kikundi wiki hii. Jumamosi inayofuata ketisha watatu wa kwanza. Kazi ya elfu thelathini iwemo, na pembeni ya daftari andika neno kwa neno walichokuwa wanakisema wakati kidole kinatafuta pa kugusa. Niandikie maneno hayo kama yalivyo, nitakusaidia kuyasoma.